Jina Nililoliita Msituni

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa mtungi mdogo, msimu wa iliki ukifika mama alitufunga khanga kiunoni, mimi na mdogo wangu Mwanahawa, akatutoa Kigombe pwani na kutupandisha milimani kwa Bibi mzaa baba. Bibi alikuwa Mbondei wa kule juu ya Muheza. Nyumba yake ilipakana na msitu mkubwa wa Serikali, huo huo ambao siku hizi watu wanaujia kwa matembezi, mikoba mgongoni na chupa za maji mkononi. Wakati ule hakuna aliyeingia mle kutembea. Uliingia kwa kazi, ukimaliza ukatoka, na ulitoka ukishukuru.

Iliki zilipandwa mle ndani, chini ya miti mikubwa, maana iliki haitaki jua la waziwazi. Majani yake humpita mtu mzima kimo, lakini matunda yako chini kabisa, yametambaa juu ya udongo. Mchumaji huchutama kutwa, na hapo mtoto ana faida kuliko mkubwa. Ndiyo maana Bibi alitutaka.

Kabla ya kufika kwenye iliki palikuwa na kijito. Hapo Bibi alisimama kila asubuhi, akatupanga mstari, akasema: "Majina yenu yaacheni ng'ambo hii. Mle mna wenyewe. Wakilisikia jina la mtu wanalishika, na siku wakipenda wanaliita." Baada ya hapo kila mmoja alikuwa chombo cha jikoni. Bibi alisema wenyewe wa msitu hawapiki, kwa hiyo vyombo hawana habari navyo. Yeye alikuwa Kinu, maana hatikisiki. Shangazi, mdogo wake baba, aliyekuwa bado mwari wa miaka kama kumi na mitano, alikuwa Ungo, kwa jinsi alivyopenda kupepeta habari za watu. Mimi Upawa. Mwanahawa, kwa kuwa alikuwa mfupi na mnene, alikuwa Kifumbu.

Baba hakuyapenda mambo hayo. Alikuwa mtu wa chuo cha Kurani, akituambia jina la kuogopwa ni moja tu na wenye akili wanalijua. Lakini baba alikuwa Kigombe, na sisi tulikuwa mle ndani na Bibi.

Siku ninayoisema tulitaniana tangu asubuhi. Mwanahawa alikuwa na miaka mitano, na ulimi wa mtu wa hamsini.

"Kifumbu we!" nikamwambia. "Kazi yako kukamuliwa tui, ukiisha unakung'utwa machicha."

"Na wewe Upawa kila siku unachomwa na mchuzi."

"Machicha!"

"Nyamazeni," Shangazi akasema, naye anacheka. "Vyombo vya nyumba hii vina kelele kuliko vya arusi."

Mwanahawa akanuna. Akaingia ndani ya majani na kikapu chake, sikumfuata. Nikachuma. Adhuhuri ukungu ukashuka, ule wa milimani usiopiga hodi, na Bibi akasema kutoka juu ya mteremko kwamba basi, turudi. Nikamwita Kifumbu. Kimya. Nikaita tena, na tena. Chini yetu palikuwa na genge ambalo maji yaliangukia. Tulikatazwa hata kulichungulia. Nikasikia yale maji tu. Nikasahau kijito, nikasahau vyombo, nikapiga kelele:

"Mwanahawa! Mwanahawa binti Athumani!"

Bonde likalirudisha lote. Lilirudisha jina lake na la baba yake, polepole, kama mtu anayejifunza kulitamka.

Hatua nne kutoka niliposimama majani yakafunguka, akatoka mdogo wangu, mzima, anacheka. "Umeita jina! Nitakusemea kwa Bibi!"

Nikainua macho. Bibi alikuwa amesimama kwenye mteremko, kikapu kichwani, mkono mmoja umekishika. Tulitazamana. Akasema tu, "Twendeni."

Kijitoni Mwanahawa alianza: "Bibi, huyu Upawa..." Bibi akamtia kipande cha muwa mdomoni. Mimi sikuweza kustahimili. Nikamuuliza, "Bibi, ulisikia?"

"Nisikie nini? Mimi nina masikio ya kizee. Osha miguu twende zetu."

Nikaosha miguu. Nilikuwa na miaka minane, na mtoto wa miaka minane anajua mtu mzima anaposema uongo. Sikujua tu anausema kwa ajili ya nani. Nilidhani anaficha jambo kubwa mno lisiloweza kutajwa, na kwamba jambo hilo nimelitenda mimi.

Tulirudi Kigombe. Mwezi haukuisha, Mwanahawa akashikwa na homa. Siku ya kwanza alilala, siku ya pili akaanza kuweweseka. Mama alikuwa akimpepea kwa kawa, mimi nimekaa mlangoni, na yule mtoto, macho yamefumba, akawa anaitika: "Abee!" Kisha ananyamaza kama anayesikiliza. Kisha tena, "Abee!"

"Nani anakuita, mwanangu?" mama akamuuliza. "Hakuna aliyekuita."

Mimi nilijua nani anamwita. Nilijua pia nani aliyewapa jina. Nikatoka uani, nikajificha nyuma ya banda la kuku nikaziba masikio. Alfajiri degedege ikampanda. Baba akampakia kwenye baiskeli, mama nyuma anakimbia kwa miguu, kuelekea hospitali. Hawakufika. Walirudi mchana, baba akiikokota baiskeli, mama amembeba.

Bibi aliteremka kuja mazikoni. Siku tatu za matanga hakunitazama usoni hata mara moja. Nikipita alipokaa anageukia ukutani. Nikasema moyoni: ndiyo hivyo, anajua. Amenihifadhi kwa watu, lakini yeye mwenyewe hataki kuniona. Tangu hapo sikupelekwa tena kwenye iliki, na Bibi naye aliacha kuingia msituni. Zile iliki zake zikaliwa na nyani. Watu wakasema uzee. Akafa mimi nimeshaolewa, tukiwa tumeamkiana mara nyingi na kuongea mara chache.

Nimezaa watoto sita, nimezika wawili. Siku zote nimeogopa kumwita mwanangu kwa jina, hasa pakiwa pakubwa, pa miti. Wangu walizoea kuitwa kwa kupigiwa makofi. Walidhani ni tabia ya mama yao tu.

Sasa Idi iliyopita binti yangu Rukia, anayekaa Nguvumali, alinijia kwangu mjini, Makorora, na gari ya kukodi, watoto wake wawili wamevaa raba mpya. "Mama, jiandae. Tunakupeleka kutembea msituni. Hewa safi, utanyoosha miguu."

"Msitu gani?"

Aliponitajia nikasema magoti yananiuma. Akasema, "Mama, magoti hayo hayo yalikwenda arusini juzi, yakacheza mpaka asubuhi." Nikachukua khanga yangu nikaingia garini.

Msitu wenyewe una lango siku hizi, na kitabu cha kuandika jina ukiingia. Nilicheka peke yangu kwa huzuni nilipoona hivyo: jina lako unalikabidhi mlangoni. Rukia akaniandikia. Binti wa kutuongoza alikuwa na buti na adabu nyingi, ananishika mkono kwenye mizizi, anawaonyesha wajukuu vinyonga na vyura wadogo kama ukucha. Nilikuwa nimeanza kustarehe. Kisha tukafika mahali pa kutazamia bonde, pamewekwa mabenchi, naye akawaambia watoto: "Haya, iteni majina yenu, mlima utawaitikia."

Wakaita. Kwanza Nasri, kisha Samira. Wakaita ya mama yao, ya mwalimu wao, ya paka wao. Bonde likarudisha yote. Nikakaa kwenye benchi, nikaziba masikio.

"Mama, una nini?" Rukia akauliza.

"Nipelekeni kwa Shangazi."

Shangazi yu hai. Anakaa bado chini kidogo ya lango la msitu, katika nyumba ileile ya Bibi iliyoezekwa bati sasa, mkongwe, macho hayaoni vizuri. Nikamshika mikono. "Shikamoo, Shangazi. Mimi Mwanaisha wa Kigombe."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na miguu yako au umebebwa?"

"Nimebebwa."

"Ndiyo umri huo. Kaa."

Rukia aliwapeleka watoto nje kuchuma mapera. Nikakaa mkekani, na bila hata kunywa maji nikamwambia yote. Miaka yote ile sikumwambia mume wangu wala mama yangu hata alipokuwa anakata roho. "Niliita mimi, Shangazi. Jina lake na la baba yake. Mimi ndiye niliyempeleka Mwanahawa."

Shangazi akasema, "Unafikiri sikusikia? Nilikuwa pale. Na mama, bibi yako, alisikia."

"Alisema hakusikia."

"Alikwambia wewe. Wenyewe wa mle hakuwaambia hivyo. Kesho yake, kumepambazuka, alitoka peke yake. Nikamnyemelea, si unajua tabia yangu. Akasimama kijitoni akasema kwa sauti: 'Aliyeita ni mimi. Kizee nimesahau. Mkitaka wa kulipa, nipo.' Akavuka, akalitaja na jina lake mwenyewe, mara tatu, mle ndani. Aliponiona nyuma yake akaniapisha nisimwambie mtu."

"Halafu mtoto akafa," Shangazi akaendelea. "Ukaona hakukutazama matangani? Angekutazama kwa uso upi? Aliniambia: 'Nimewadanganya, wamenionyesha. Lau ningewaacha na kosa la mtoto, mtoto husamehewa. Mimi nimelifanya kosa hilo kuwa uongo wa mtu mzima.' Alikufa na maneno hayo, Mwanaisha. Alijiona yeye ndiye aliyemuua."

Nililia pale mkekani kama niliyefiwa siku ileile. Shangazi aliniacha. Nje wajukuu walikuwa wanagombania mapera.

Nimelifikiri jambo hili mno tangu niliporudi. Miaka ile homa ilipita Kigombe nyumba kwa nyumba; mtaani kwetu tulizika watoto wengine watatu msimu mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyepata kukanyaga mlima. Hilo nililijua tangu zamani, lakini kujua kwa kichwa hakukunisaidia kitu. Mtoto mwenye homa anasikia mengi. Wala sisemi kwamba msitu hauna wenyewe. Mimi si mtu wa kusema hivyo, na Bibi hakuwa mjinga.

Linaloniuma ni lingine. Tulikuwa wawili, kizee na mtoto, tumekaa katika matanga mamoja, kila mmoja amejihukumu, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye hakimu. Yeye alijitoa nafsi yake kwa ajili yangu, halafu akaona haya kwangu. Mimi nikaisoma haya yake kuwa ni hasira. Ningekwenda tu kumkalia karibu pale ukutani, nikasema, "Bibi, niliita mimi," angeniambia lake. Tungelia mara moja, pamoja, na labda iliki zake zisingeliwa na nyani.

Siku hizi kila Ijumaa nikiwaombea marehemu wangu, namwombea Mwanahawa, kisha namwombea Bibi, na nikifika kwake sitaji kosa. Namwambia tu kwamba nimejua.