Kikombe cha Agripina

Nilipokuwa mtoto kule Kagerankanda, dada yangu Agripina alikuwa na kikombe chake na sahani yake, na ole wangu nikivigusa. Alikuwa na kifafa. Watu wa kwetu waliamini povu la mgonjwa likikupata, nawe utaanguka maisha yako yote. Kwa hiyo alipoanguka, kila mtu alirudi nyuma akasubiri. Mpaka leo nikikumbuka kule kusubiri nachemka.

Mwaka 2013 alianguka jikoni akipika maharage, na mkono wake wa kushoto ukaingia mafigani. Nilikuwa na miaka kumi. Nikakimbilia kumvuta, bibi akanidaka kiunoni.

"Usimguse! Unataka kuwa kama yeye?"

"Bibi, anaungua!"

"Povu hilo! Ngoja likauke!"

Aliyemtoa ni mama, aliyetupa ndoo ya maji njiani aliposikia mayowe yangu. Vidole vilikuwa vimeshaharibika.

Hospitalini Kasulu, daktari mgeni kutoka Tanga hakuuliza habari za mapepo. Aliuliza kama tunafuga nguruwe na kama tuna choo. Nguruwe walikuwepo, wakizurura. Choo kilibomoka masika, tukawa tunajisaidia mgombani. Akatueleza kwamba nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu, mnyoo wa tumboni, na mwenye tegu asiponawa mikono, mayai ya mnyoo huyo huingia kwa anayelishwa kwa mikono hiyo na yanaweza kufika kwenye ubongo. Si kila kifafa huanzia huko, alisema, ila hiki anakishuku. Tukapimwa nyumba nzima. Aliyekutwa na tegu ni bibi.

Bibi ndiye aliyemlea Agripina. Alimfinyangia matonge ya ugali kwa mkono wake na kumtia mdomoni, kwa mapenzi.

"Povu haliambukizi mtu," daktari alimwambia mama. "Siku nyingine mshikeni."

Mama alimpa bibi vidonge, akasema ni dawa ya minyoo tu, akatukataza kusema zaidi. Bibi alikufa hajui. Ninamsamehe, wengine siwezi. Mwaka 2015 magari ya kampeni yalifika mpaka mlangoni kwetu na vipaza sauti. Kumbe barabara ilikuwepo! Mtu wa kutuambia tuchimbe choo na tuivishe nyama hakuwahi kuipita.

Agripina anameza dawa kila siku, na sasa haanguki. Mama alimwambia akitupe kile kikombe, akakataa. Nikimtembelea hunitilia chai humo humo, kisha hunikazia macho aone kama nitakunywa. Nakunywa mpaka tone la mwisho, nikiwa na hasira kwa miaka yote ambayo nisingethubutu.