Pistoni ya Kasi ya Dada

Mtaa mzima ulimwita Milimita, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila aliyefika kwenye banda lake la kutengeneza misumeno ya injini alihubiriwa kwamba fundi wa kweli hupima, habahatishi. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mke, watoto wawili, na kipimo cha chuma alichokivaa shingoni kama daktari. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwita fundi: dada yake mkubwa, mpasua mbao, aliyemwita "mdogo wangu" hata mbele ya wateja. Kwa miaka tisa dada huyo alipeleka misumeno yake kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Basi Jumatatu moja dada akaingia bandani na msumeno wake mkubwa begani.

"Fundi wangu anaumwa," alisema, na Milimita akaelewa kwamba huyo fundi si yeye. "Unawaka vizuri, ila ukigusa gogo tu unakata pumzi. Jumamosi nina mti ulioangukia ua wa shule. Utaweza?"

Mtu mwenye akili zake angejibu, "Niachie niuangalie." Milimita akajibu, "Dada, huu unataka pistoni ya kasi."

Hakuwa amelegeza hata skrubu moja. Pistoni yenyewe alikuwa ameiona kwenye simu tu: nyepesi, ya kampuni tofauti kabisa na ile iliyounda msumeno, ikisifiwa kuipa injini nguvu ya ajabu. Tangu siku hiyo alikuwa anatafuta injini ya kuijaribia, na sasa imejileta yenyewe.

Akaifungua ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi, akaitupia kwenye kopo, akang'oa silinda, akaitoa pistoni. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Fundi mwingine angejiuliza kidogo hapo. Milimita aliiweka rafuni, akampigia simu muuza spea.

Pistoni ya kwanza ilifika Jumanne, ikachezacheza ndani ya silinda kama jino la mtoto.

"Kwani ulipima wapi?" muuza spea akauliza.

Ikabainika kwamba bwana vipimo alikuwa ameipima pistoni ya zamani juu, kichwani, ambako huwa nyembamba, badala ya chini. Ya Jumatano ilienea vizuri, ila tundu la pini ya kuishikia lilikuwa dogo. Tundu hilo hakulipima kabisa. Ya Alhamisi ilikaa kama imezaliwa humo, na Milimita akampigia dada yake simu papo hapo. "Jumamosi shikilia kofia yako isipeperushwe na kasi," alimwambia.

Ijumaa asubuhi akauwasha, akaugusisha kwenye gogo la majaribio. Ukakata pumzi vilevile.

Alibadilisha plagi. Alisafisha kabureta. Alimlaumu muuza spea, kisha aliyeuza petroli, kisha gogo. Jioni ilipokaribia akaifungua tena ekzosi, na safari hii kwa bahati tu akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Mwanga haukupita. Kuna wavu mdogo wa waya pale mdomoni, nao ulikuwa umezibwa na masizi meusi tii. Ekzosi hiyo alikuwa ameishika wiki nzima, anaivua na kuirudisha, bila kuitupia jicho.

Akausugua wavu kwa brashi, dakika mbili tu. Msumeno ukanguruma, ukalitafuna gogo. Kwa kujitonesha kidonda, akairudisha pistoni ya zamani aone tofauti. Ukanguruma vilevile. Milimita alicheka peke yake, kisha akaona aibu kweli. Akaiacha ya zamani mlemle na kuitia ile mpya mfukoni, ili kesho amweleze dada kabla hajaanza kazi.

Lakini kesho yake, kwenye ua wa shule, alimkabidhi msumeno tu na kusogea kando. Dada akauwasha, matawi yakaporomoka, na kabla ya saa nne shina lilikuwa vipande. Akavua vikinga masikio, akawageukia wapakiaji wake wawili.

"Mnaona? Pistoni ya kasi hiyo! Huyu ndiye fundi!"

Neno hilo alilingoja maisha yake yote, na lilikuwa tamu. Angenyamaza tu, lingekuwa lake. Ila ile pistoni mfukoni ilikuwa inamchoma paja kila akijigeuza.

"Dada," alisema, akaitoa. "Ya kasi ni hii hapa. Mle ndani mna yako ileile. Ekzosi ilikuwa imeziba masizi, basi."

"Kuyatoa masizi ni kazi ya muda gani?"

"Dakika mbili."

"Na siku tano zote?"

"Nilikuwa natafuta pistoni."

Wapakiaji walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Dada hakucheka. Aliigeuzageuza pistoni kiganjani, akamrudishia.

"Mdogo wangu," alisema, na cheo cha ufundi kikaishia hapo hapo. Akavaa vikinga masikio, akashika kamba ya kuwashia, kisha akamgeukia tena. "Jumatatu nakuletea na ule msumeno mdogo. Usiufungue mimi nisipokuwepo."