Jiwe Nililopigilia Nyalukemba

Musinicheke sana. Mimi ni sekretere wa chama yetu ya kusaidiana, na nilipewa kazi ya kuweka jiwe la ukumbusho pale waanzilishi walikutana mara ya kwanza. Kuuliza? Mimi, mujuaji! Kila siku ya Mungu, tukitoka misa, Papa Bahati, mwanzilishi pekee aliyebaki, anasimamaka kwenye ukuta moja wa mutaa wetu wa Nyalukemba, anavua kofia, anainamisha kichwa. Nikapigilia jiwe pale pale.

Jana tukalifunua mbele ya wanachama wote. Papa Bahati akasoma, akanitazama.

“Mutoto yangu, chama ilizaliwa kule chini, karibu na ziwa. Hapa napumuaka tu. Mulima iko mukali.”

Watu wakaangua kicheko. Nikashika nyundo nilitoe.

“Liache,” akasema. “Ila uongeze benchi.”