Kulala Kwenye Kitanda Nilichokichonga

Nilikwenda mjini kulala hotelini kwa sababu kazi yangu ilikuwa imepewa mwenyewe mwingine. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa na majumba ya zamani yakigeuzwa hoteli, na mie, mchongaji wa Chang'ombe, nilikuwa nimechonga vitanda vyote vinane vya hoteli moja karibu na bandari. Kisha dereva mmoja wa watalii akaniambia kwamba wageni wanaelezwa vitanda vile vina miaka mia mbili, mali ya tajiri fulani wa Kiarabu.

"Basi twende tukalale humo," akasema mke wangu, Esta. "Tukamwone huyo tajiri."

Jumamosi saa mbili asubuhi tulitoka kwa miguu, tukapita Keko na Gerezani. Esta alikataa kupanda gari. Alikuwa amevaa vitenge vya sikukuu na alitaka watu wamwone.

Saa nne tukafika. Jumba lilijengwa na Wajerumani: kuta nene, ngazi za mbao zinazolia ukizikanyaga, na ubaridi mtamu ndani. Binti wa mapokezi alitusalimu kwa adabu.

"Shikamoo baba. Mafundi wanapita mlango wa nyuma."

"Marahaba. Leo mie mgeni. Tunataka chumba."

"Tunapokea wageni wa nje tu, baba. Mna pasipoti?"

"Pasipoti ya nini? Nimetoka Chang'ombe!"

Tukakaa kwenye sofa. Saa sita Esta alifungua kikapu, akatoa mihogo ya kuchemsha, tukala palepale huku Wazungu wakipita. Ilipofika saa nane, meneja akatupa chumba ili tuondoke machoni pa watu.

Kitandani palining'inia kikaratasi chenye habari za yule tajiri. Nilipapasa ubao wa kichwani. Ua la tatu lilikuwa kubwa kuliko mengine, maana nililichonga kuficha fundo la mti. Nililala usingizi mzito. Esta alisema nilikoroma kama mwenye nyumba.

Asubuhi, wakati wa chai, mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa mwalimu Morogoro alimuuliza meneja habari za vitanda. Meneja akaanza hadithi yake. Nikasimama.

"Mama, vitanda hivyo nimevichonga mie, mwaka jana. Njoo chumbani nikuonyeshe nilipoficha fundo."

Alikuja, akaliona, akacheka sana, akanipa mkono. Meneja alinivuta ukumbini.

"Fundi, unaniharibia biashara! Nilikuwa nikuagize vitanda vingine sita. Rudi ukamwambie ulikuwa unatania."

Kazi ya vitanda sita ni chakula cha miezi. Nilimtazama Esta, naye ndiye angepika hicho chakula.

"Usinitazame mie," akasema. "Mwambie."

"Sirudi," nikamwambia meneja. "Andika jina langu, au mtafute huyo tajiri akuchongee."

Tukaondoka kwa mlango wa mbele. Vitanda sita alipewa fundi mwingine, na miezi ile tulikula mihogo mingi kuliko nilivyopenda.

Lakini nilijifunza kwamba kazi isiyo na jina huokotwa na yeyote. Tangu Jumatatu iliyofuata nachonga "Anselmi, Chang'ombe" katikati ya ubao wa kichwani, herufi za kiganja kizima. Wako wateja wanaoniomba nilifute jina hilo. Nawaonyesha njia ya kwenda kwa mafundi wengine.