Fundi wa Tadooba Amfundisha Sajini Kurusha Kibati

Saa moja asubuhi, kibati kizito chenye ndoana kinapita sentimita chache kutoka sikio la mwandishi wenu, kinarudi mbele na kuanguka majini kwa kishindo. Tuko Bwera, ukingoni mwa mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Kongo. Kusimama nyuma ya mvuvi ni kosa ambalo mwandishi wenu harudii.

Mvuvi ni Sajini Ojara wa kambi ya polisi. Fimbo yake ya kuvulia, nyembamba na laini, aliachiwa na Mzungu wa migodini aliyerudi kwao. Ilitengenezwa kurusha chambo chepesi cha manyoya kinachofanana na inzi. Lakini maji ya hapa ni ya tope, na samaki hawayaoni manyoya. Wanachofuata ni mtikisiko wa kibati kinachozunguka, nacho ni kizito mno kwa fimbo hii. Ilikuja na ncha mbili za kubadilisha; moja imeshavunjika. Imebaki moja tu.

Aliyetengeneza kibati ameketi juu ya jiwe. Ni Esperance Kaswera, miaka thelathini na sita, fundi bati aliyekimbia vita kwao Beni, Kongo, mwaka 1964 akiwa na nyundo na mkasi wa bati. Kwa miaka mitano ameishi kwa tadooba, zile taa ndogo za makopo. Zamani aliuza ishirini siku ya soko. Sasa madukani zimejaa taa za chemni, naye akiuza tano anamshukuru Mungu.

Ndiyo maana leo hatulii. Ojara ameahidi kwamba kibati kikileta samaki, yeye na wavuvi wenzake wa Kasese wataagiza thelathini. Fimbo ikivunjika, biashara imekufa.

Ojara anarusha tena. Fimbo inalia. Esperance anashindwa kuvumilia, anashuka jiweni. Hapa Bwera raia hamfundishi afande kazi, lakini mama huyu hana habari.

"Afande, wacha kupiga nyuma," anasema. "Samaki haiko nyuma, iko mbele. Bembeza tu, kama mutoto wa misa na chetezo."

Sajini anamkazia macho ya gwaride. Kisha, makubwa haya, anatii. Anakiacha kibati kining'inie, anakibembeza chini chini mara moja, anakiachia. Kinaruka hadi kwenye mizizi ya miti ya ng'ambo na fimbo haitoi hata mlio! Anavuta uzi taratibu, kibati kinazunguka.

Jamani, fimbo inapinda mpaka ncha inaingia majini. Uzi unakimbia, Ojara anakimbia nao ukingoni, kofia inamwanguka, na Esperance yuko nyuma yake akimwambia asivute, amwache samaki achoke. Baada ya dakika kumi, samaki wa sharubu, kilo nne kamili, amelala nyasini. Fimbo ni nzima.

Ojara, akihema, anathibitisha agizo la vibati thelathini palepale. Anamuuliza Esperance kama samaki apelekwe kwake. Mama anatikisa kichwa.

"Nimetengeneza vibati kumi na saba vya kujaribu," anasema. "Sijarusha hata kimoja. Hizi thelathini zikiisha, nanunua fimbo yangu. Leo nipe yako."

Ojara anaufuta mpini kwa shati lake na kumkabidhi. Esperance anakaza kitenge kiunoni, anaingia mtoni mpaka magotini.