Maharagi Kwenye Njia ya Mashindano

Juzi mtoto wangu alipigia makofi motokari za Wazungu zikishindana mbio huku kwetu Kirolirwe. Nilimvuta kwa hasira, lakini aibu ilikuwa yangu.

Nilipokuwa mdogo, Papa, baba yangu, alilazimishwa na Wazungu kukata njia ile ya mashindano katikati ya shamba letu. Mlimani hapakuwa na mahali pengine tambarare, basi nikadhani ametutengenezea uwanja wa kuanikia. Nikamwaga pale maharagi yetu yote ya mbegu. Motokari zikapita zikinguruma, zikinuka petroli, zikayasaga. Nami nikapiga makofi!

“Nani aliyaanika hapa?” Mama akauliza.

“Njo Dada, ni yeye,” nikasema.

Dada yangu mkubwa alinitazama. “Ndiyo, Mama. Njo mimi.”

Fimbo ilipovunjika mgongoni mwake, Mama alinituma nikakate nyingine. Nikaenda, nikaikata.