Dakika Saba za Vita, na Araksi wa Burbank

Araksi Petrosyan alikuwa amekata na kuunga mikanda ya filamu pale Burbank, mji wa studio za filamu, kwa miaka ishirini na miwili. Vidole vyake, wanasema, vilikuwa vikali hata paka wa mtaani walikataa kupapaswa naye. Mama yake alikuwa fundi cherehani wa Fresno, mji wa mashamba ya zabibu. Araksi akarithi mkasi, kitambaa akakiacha.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, produsa Brubaker, aliyempa filamu ya vita vya angani aihariri, aliingia bila hodi.

"Vile vita vya katikati vitoke. Dakika saba zote."

"Bwana Brubaker, Nahodha Vara anamlipua rafiki yake mle kwa makosa."

"Watu wamechoka na milipuko. Saa nane tunawaonyesha watazamaji wa majaribio. Wakicheka pasipochekesha, filamu naipa mtu mwingine. Na nisione picha hata moja ya vita hivyo, mama."

Akavitoa. Kisha akautazama mkanda upya. Mwishoni Vara anamlenga adui, anashusha silaha, analia. Vita vilipokuwamo ulijua kwa nini. Sasa alikuwa mwoga tu, na kilio chake kichekesho.

Saa sita Wendell, fundi wa sauti, akamkuta amezama nusu mwili katika pipa la vipande vilivyotupwa.

"Rudi Fresno, dada, ukaanike zabibu."

"Nyamaza. Tazama hapa."

Kilikuwa kipande cha kabla ubao wa kuanzisha upigaji picha haujapigwa. Mwanamke anayemwigiza Vara amekaa kitini, hajui kamera imeanza, anasikiliza kitu cha mbali. Sekunde kumi na moja.

"Sauti ya rafiki yake akiita redioni unayo?"

"Ninayo. Lakini kakataza vita."

"Kuna vita gani hapa? Mwanamke kakaa kwenye kiti."

"Utafukuzwa."

"Unga sauti, uache utabiri."

Saa nane Araksi alikaa safu ya nyuma kabisa, akatazama visogo, si filamu. Kisogo hakijui kudanganya. Vara akasikiliza. "Vara, ni mimi," ikasema redio, kisha kimya. Saa nzima ikapita. Silaha ikainuka, ikashuka. Mtu mmoja akakohoa. Moyo wa Araksi ulipiga hata wa kiti cha mbele akageuka, akidhani anagongewa. Mikono iliyobeba bisi ilisimama njiani kwenda mdomoni. Hakucheka mtu.

Brubaker akamvizia mlangoni, mwekundu kama bitiruti.

"Nilikwambia utoe vita."

"Nilivitoa."

"Usinichezee. Nimekiona chombo cha yule rafiki kikilipuka. Vipande vikiruka, nimeviona kwa macho yangu."

Araksi akampa mkanda. "Vitafute."

Brubaker akajifungia nao, akaupitisha mbele na nyuma hadi saa kumi na moja jioni, Araksi amesimama nje ya mlango, hajala. Alipotoka bila kuukuta mlipuko, macho yalikuwa yamevimba. Akamtazama kama mtu anayemtazama mganga asiyemwamini lakini aliyemponya.

"Vile vita vya mwanzo navyo," akasema, "vina dakika tisa. Kavitoe."